Swali la Yunisi na Wenyewe Wanne

Hapo zamani, wala si zile za wanyama kusema, ila zamani za juzijuzi tu, wengi wenu mkiwa mmeshazaliwa, palikuwa na mwanamume mmoja wa Manyoni aitwaye Ndahani. Kazi yake ilikuwa kupiga debe stendi. Basi likiingia, Ndahani alilipiga ubavuni kwa kiganja, pa! pa!, akainua kidevu, akaita:

"Itigi-Tabora, Itigi-Tabora! Urambo, Kaliua, Kigoma mwisho wa reliii!"

Nimesema akaita, lakini ule ulikuwa wimbo. Sauti ilipanda kwenye Itigi, ikashuka kwenye Tabora, ikajikunja Urambo, na ilipofika Kigoma ilinyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Watu wasio na safari walisimama kumsikiliza. Yupo abiria wa Singida ambaye kwa utamu wa sauti ile alipanda basi la Tabora, akaja kushtuka yuko Itigi.

Ndahani alikuwa na mke, Damari, aliyekuwa mama lishe palepale stendi. Walikuwa na binti mmoja, Yunisi, kidato cha pili.

Asubuhi moja, siku ya Jumanne, basi liliingia. Ndahani akalipiga ubavuni, pa! pa!, akainua kidevu, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Hakikutoka kitu. Akakaa juu ya gunia la alizeti la mtu, taratibu, kama aliyechoka, na upande wake wa kulia wote ukawa si wake tena.

Hospitali wakasema ni kiharusi. Baada ya wiki tatu akarudishwa nyumbani. Mguu aliuburuza, mkono wa kulia ulining'inia, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alisikia na alielewa. Kilichokuwa kimekwenda ni maneno. Akitaka maji, alisema, "Ta... ta... ta..." Kisha anapiga meza kwa mkono wa kushoto, machozi yanamtoka.

Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema karogwa na wenye wivu na sauti yake. Wengine walisema akili imekwenda, imebaki mwili. Damari aliwajibu wote kwa neno moja:

"Akili anayo. Hamjaona anavyonitazama nikizidisha chumvi."

Sasa msikilizeni Chilewa.

Chilewa naye alikuwa mpiga debe. Kwa miaka kumi na tano alikuwa wa pili, kwa sababu wa kwanza alikuwa Ndahani. Ndahani alipoanguka, Chilewa alisogea mbele, akasimama pale langoni alipokuwa akisimama mwenzake. Ilipita miezi miwili ndipo akaja kumjulia hali. Yeye mwenyewe anasema alikuja kumjulia hali. Damari anasema alikuja kujionyesha.

Alikaa kwenye kigoda, akakosa la kusema. Utasema nini na mtu asiyejibu? Basi akaanza kujisifu jinsi kazi inavyokwenda, na jinsi siku hizi abiria wanavyomsikiliza yeye. Akainua kidevu chake, akaimba mle mle uani:

"Itigi-Tabora, Itigi-Tabora! Kaliua, Urambo..."

Kaliua akaitanguliza, Urambo akaiweka nyuma. Alikosea, au alikosea makusudi, hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini Ndahani, ambaye kwa miezi miwili hakuwa ametoa neno hata moja, aliinua kidevu kwenye kiti chake, akamsahihisha:

"Urambo, Kaliua, Kigoma mwisho wa reliii!"

Damari alidondosha mfuniko wa sufuria. Yunisi, aliyekuwa anafua sketi ya shule, alisimama na povu mpaka kwenye viwiko.

"Baba! Sema tena! Sema Kigoma!"

Ndahani akajaribu kusema. "Ta... ta... ta..."

"Basi usiseme. Imba!"

Chilewa akaanza, Ndahani akafuata, mji baada ya mji, bila kuruka hata mmoja. Wakamwambia aseme, hakuweza. Wakamwambia aimbe, akaweza. Aseme, hakuweza. Aimbe, akaweza. Mwishowe Ndahani mwenyewe akaanza kucheka, na kicheko nacho kilitoka kizima.

Siku ile swali lilimwingia Yunisi kama mwiba wa mgunga, asiweze kulitoa wala kulisahau. Mtu asiyeweza kusema "maji" anawezaje kuimba "Kigoma mwisho wa reli"? Kama maneno yamekufa, haya yametoka wapi? Na kama hayajafa, yamejificha wapi?

Sasa msikilizeni Damari.

Damari aliishia darasa la saba. Lakini kesho yake alinunua daftari la kurasa themanini na kalamu, akaviweka juu ya kabati la vyombo. Kila siku, akishatoka stendi, aliandika mume wake amejaribu kusema nini na kimetoka nini. "Jumatano: chumvi, hapana. Ugali, hapana. Wimbo wa kanisani wa pili, ndiyo, beti mbili. Alikasirika." Aliandika hivyo wiki baada ya wiki, na hakuna aliyemtuma.

Ni yeye aliyegundua jambo la pili. Alikuwa anakoroga uji, anaimba ule wimbo wa stendi bila kujua kwamba anaimba, na mawazo yake yako kwenye mtungi wa maji. Akajikuta anasema, "Maji-Tabora, maji-Tabora." Akaacha kukoroga. Akaenda akakaa mbele ya mumewe, akaushika mkono wake wa kushoto, akaanza kuugongesha mezani kwa mapigo yaleyale ya ubavu wa basi.

"Maji-Tabora, maji-Tabora."

Siku ya kwanza hakikutoka kitu. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya kumi jirani akamwambia, "Mama Yunisi, mwache mgonjwa apumzike." Damari hakuacha. Siku ya kumi na tisa Ndahani aliinua kidevu, akaimba, "Maji-Tabora!" Damari akampa maji, na Ndahani akanywa kikombe kizima akimtazama.

Baada ya hapo ikawa "uji-Tabora". Ikawa "choo-Tabora", na mtaa mzima ukacheka, naye akacheka nao. Maneno yalikuja moja moja, kila moja limebebwa na Tabora yake, mpaka watoto wa jirani wakawa wanaomba "chumvi-Tabora" dukani. Tabora yenyewe ilichukua miezi mingine minne kumtoka.

Katika daftari la tatu kuna ukurasa wenye mstari mmoja tu. Umeandikwa: "Leo kaniita. Damari-Tabora." Chini ya hapo hakuandika kitu, maana alifunga daftari, akatoka nje kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Sasa msikilizeni Mwalimu Nsajigwa.

Huyu alikuwa mwalimu wa biolojia, mwenyeji wa Tukuyu, kapangiwa kazi Manyoni. Siku moja Yunisi alinyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, kwa nini baba yangu hawezi kusema lakini anaweza kuimba?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema:

"Sijui."

Wanafunzi wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akisema neno hilo.

"Sijui," akarudia. "Nipe wiki moja."

Jumamosi alipanda basi mpaka Dodoma, akamngojea daktari wa mishipa ya fahamu mlangoni pa wodi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Jumatatu alirudi na karatasi yenye mchoro wa ubongo, akamwita Yunisi ofisini.

"Kwa watu wengi, usemi hutegemea zaidi upande huu wa kushoto. Kiharusi cha baba yako kimeharibu hapa. Ndiyo maana mkono uliolala ni wa kulia, kwa kuwa ubongo na mwili vinapishana. Lakini wimbo una njia nyingine. Huenda upande wa kulia unasaidia. Huenda pia ni kwa sababu wimbo ule kauimba miaka mingi, umeota mizizi."

"Huenda, mwalimu?"

"Daktari mwenyewe kasema huenda. Hata vitabu vyake vinasema huenda."

"Kwa hiyo hakuna anayejua kwa uhakika?"

"Hakuna."

Yunisi alitazama ule mchoro. "Basi bado kuna kazi."

"Kazi ipo," akasema Mwalimu Nsajigwa. "Inaitwa sayansi ya ubongo, na watu wanaisomea."

Tangu siku hiyo hawakuachana. Yunisi alimaliza kidato cha nne, akamaliza cha sita, akasoma shahada ya kwanza hapahapa nchini. Alipotaka kuomba nafasi ya uzamili Uholanzi, walimtaka aandike barua ya kueleza kwa nini anataka kusomea ubongo. Aliandika na kumpelekea mwalimu wake: "Tangu utoto wangu nimekuwa nikivutiwa sana na maajabu ya ubongo."

Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu. "Uongo. Tangu utoto ulikuwa unavutiwa na karanga. Andika kilichotokea."

Akaandika tena, ikakatwa tena. Ya saba ndiyo iliyokwenda. Ilianza hivi: "Baba yangu alikuwa hawezi kuomba maji, lakini aliweza kuwapeleka watu Kigoma." Chuo kikamkubali.

Sasa msikilizeni Ndahani mwenyewe.

Fikirini ilivyo kumfanyia mtu kama yule mtihani. Alikuwa mwenye sauti kupita wote, na sasa binti yake amekaa mbele yake na saa na karatasi. "Baba, imba haraka. Baba, imba polepole. Imba bila maneno. Sasa sema bila wimbo. Jaribu wimbo wa Kigogo. Jaribu huu usioujua." Neno moja linatoka, kumi yanakwama. Wageni wanachungulia uani, wengine wanacheka. Angeweza kugeuza kiti akaangalia ukuta, na nani angemlaumu? Hakugeuza. Likikwama neno, alijigonga kifuani kwa mkono wa kushoto, maana yake: tena.

Na barua ya chuo ilipokuja, ndugu walikaa kikao. Baba mkubwa wa Yunisi akasema, "Mtoto mmoja, baba mgonjwa, halafu aende Ulaya? Hizo akili gani? Abaki amuuguze." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Damari akainama. Yunisi akainama. Ndahani akagonga meza, pa! pa!, akainua kidevu.

"Yunisi aende, Yunisi aende! Asome, aulize, arudi aniambieee!"

Kikao kikaisha. Yunisi akaenda.

Huko Uholanzi alikuta baridi, baiskeli, na watu wanaosema waziwazi mbele ya profesa kwamba profesa amekosea. Alifanya utafiti wa wagonjwa waliopoteza maneno yakabaki nyimbo. Mwaka ulipokaribia kwisha, alipangiwa siku ya kuueleza mbele ya watu. Na kitivo chao kina desturi moja. Kila mwanafunzi aliyetoka nchi ya mbali hupewa tiketi moja ya ndege, kwenda na kurudi, ya kumleta mtu aliyempa swali lake. Mtu huyo hukaa safu ya mbele, hutambulishwa kwa wote, na jina lake pekee huandikwa ukurasa wa kwanza wa kazi. Hata akiwa mgonjwa, chuo humtafutia wa kumsaidia njiani. Sharti ni kwamba jina liwe moja, na lifike ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi.

Yunisi akapiga simu nyumbani Jumapili mchana. Chilewa alikuwepo, kwa sababu Jumapili huwa yupo. Mwalimu Nsajigwa naye alikuwepo, amepita kusalimia. Damari akaiweka simu mezani, sauti wazi, na Yunisi akaeleza. Alidhani watacheka na kumwachia yeye aamue. Hawakucheka.

Chilewa akatangulia. "Tusifichane. Swali hilo nililiamsha mimi. Nisingeimba siku ile, Ndahani angekaa bubu mpaka leo na nyinyi mngemzoea hivyo hivyo."

"Ulikuja kujionyesha!" akasema Damari.

"Nilikuja kujionyesha, shemeji, sikatai. Nilikuwa mtu wa wivu. Lakini mvua ikija kwa jeuri, mtama hauoti? Na tangu siku ile nimekosa Jumapili ngapi? Niambie hata moja."

Damari naye alikuwa na lake.

"Wewe ulisikia mara moja, Chilewa. Mimi nilisikiliza miaka minne. Nani aliyejua kwamba maji yanaweza kupanda kwenye ule wimbo? Nani aliyeandika? Yunisi alipoondoka hakubeba wimbo wako, alibeba madaftari yangu tisa. Profesa wake kaomba yatafsiriwe. Mimi wa darasa la saba! Swali ni kama mtoto. Mwenyewe ni yule aliyelilea."

Mwalimu Nsajigwa alikuwa anazungusha kikombe cha chai mikononi. "Mimi sikutaka kusema," akasema, "lakini nikinyamaza nitakuwa nimedanganya. Nyumba hii ilikuwa na jambo la ajabu. Swali haikuwa nalo. Kuna walioliita uchawi, na kuna walioliita muujiza, na jambo likishaitwa hivyo hakuna anayeuliza tena. Mimi nilisema sijui mbele ya watoto hamsini na wawili. Ningempa Yunisi jibu la kubahatisha, angekaa chini na yangeishia pale." Akakiweka kikombe mezani, akaendelea kwa sauti ya chini. "Na kuna jambo ambalo Yunisi hajui. Mwaka aliokuwa kidato cha sita, mimi nilipata nafasi ya kwenda kusoma, masomo hayohayo. Nikaiacha ipite, kwa sababu nilijua nikiondoka hakuna wa kumvusha."

Yunisi akadakia kwenye simu. "Mwalimu, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikatalia."

Ndipo Ndahani alipogonga meza. Hakugonga kwa nguvu. Aliinua kidevu, na sauti, hata kama imepasuka pembeni, ilikuwa ileile.

"Ninyi nje, ninyi nje! Mimi ndani, mimi ndaniii!"

Ndahani akaisogelea simu, akaacha kuimba, akaanza kusema, neno moja moja, kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Yunisi. Kichwa... changu. Nataka... kuona."

"Kuona nini, baba?"

"Picha. Ya ndani." Akajigusa juu ya sikio la kushoto. "Hapa. Kilitokea... nini. Nataka... kujua."

Damari aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Miaka yote ile walikuwa wamemuuliza anataka uji au chai. Haikuwahi kumjia yeyote akilini kumuuliza kama naye ana hamu ya kujua.

Jumatatu Yunisi alikwenda kwa msimamizi wake, Profesa Hanneke, mama wa makamo asiyependa kuzunguka maneno, akamweleza yote.

"Je, naweza kuandika majina manne?"

"Hapana. Swali linaweza kuwa na wenyewe wengi. Tiketi ni moja."

"Nitachaguaje?"

Profesa akafikiri. "Mwondoe mmoja mmoja. Yule ambaye bila yeye usingekuwa hapa, ndiye."

Yunisi akaenda chumbani, akajaribu. Akamwondoa Chilewa, na baba akabaki kimya kwenye kiti. Akamrudisha Chilewa, akamwondoa mama, na wimbo ukabaki wimbo tu, kisa cha kuchekesha cha stendi. Akamrudisha mama, akamwondoa mwalimu, na madaftari yakabaki juu ya kabati la vyombo mpaka panya wakayala. Akamrudisha mwalimu, akamwondoa baba. Hapo hakuweza hata kuanza.

Akadhani amepata jibu. Akachukua kalamu. Kisha akajiuliza: je, mtu hustahili kwa alichokifanya, au kwa kilichompata? Baba hakuchagua kiharusi. Ila alichagua kujigonga kifuani na kusema tena. Mama naye alichagua, kila siku. Mwalimu alichagua mara moja, na alichokiacha hakitarudi. Chilewa hakuchagua lolote jema siku ile, na bila siku ile hakuna kilichofuata.

Akaiweka kalamu.

Ijumaa ilimkuta hivyo hivyo, kalamu mezani. Karatasi ya ofisi ilikuwa mbele yake, ina mstari mmoja mtupu, na saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu.

Haya, mliokaa hapa. Msinijibu kwa kumwonea mgonjwa huruma, wala kwa kumchukia mwenye wivu, wala kwa kuwa mama ni mama. Jibuni kama mnavyoamua shauri la jirani, mkijua mtakutana naye kesho kisimani. Swali hili ni la nani? Ni la aliyekuwa ndani yake, la aliyelishtua, la aliyelilea, au la aliyekiri kwamba hajui?

Je, nani alistahili?